Waliotutangulia: Kutafuta Wazee katika Vitabu vya Waliofariki na katika Makaburi ya Kale

Kila mwisho wa mwaka barabara za kupanda mlimani hujaa magari. Watoto wa Uchagani na Meru walioko Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na ng'ambo hurudi nyumbani kuadhimisha Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana pamoja na wazazi wao. Ibada ikiisha na chakula kikiliwa, jamaa huingia migombani kufagia makaburi na kuweka maua. Ndipo mtoto mmoja, aghalabu yule aliyezaliwa mjini, huuliza: huyu ni babu, na huyu ni baba yake babu, je, aliyemzaa huyu amelala wapi? Mzee hunyoosha fimbo kuelekea kwenye masale yaliyo mpakani na kusema, "Ni huko huko."

Jibu hilo liliwatosha watu wa zamani, kwa kuwa kila mtu alijua "huko huko" ni wapi. Siku hizi kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu, masale yamekatwa kupisha ukuta wa matofali, na mzee mwenye fimbo naye anakaribia kwenda walikokwenda wenzake. Kwa sababu hiyo watu wengi zaidi wanafika katika ofisi za sharika wakiomba kuonyeshwa kitabu ambacho kwa miaka mingi hakuna aliyekifungua isipokuwa panya: kitabu cha waliofariki.

Usharika unapohesabu miaka mia, kwa desturi huhesabu majengo uliyojenga, wachungaji waliouhudumia na washarika ulio nao. Ikumbukwe hata hivyo kwamba walio wengi kati ya washarika wa miaka hiyo mia wako ardhini. Habari zao zimegawanyika mahali pawili, katika karatasi na katika udongo, na mahali hapo pawili hapapatani daima.

Kabla ya Injili kufika, Wachaga hawakuwa na karatasi, lakini hawakuwa watu wasio na kumbukumbu. Mtu aliyeacha mtoto alizikwa nyumbani kwake, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, fuvu likawekwa kwa heshima migombani penye masale. Jani la sale lilikuwa alama ya amani, alama ya mpaka, na alama ya mahali pa wafu. Wakati wa kutambika majina ya wazee yalitajwa kwa mpangilio, kizazi baada ya kizazi, na kijana aliyesikiliza miaka mingi aliyashika. Lakini desturi hiyo ilikuwa na ukatili wake pia. Mtu aliyekufa bila mtoto hakuzikwa nyumbani. Alipelekwa porini, na jina lake halikuwa na wa kulitaja. Hivyo kila anayesomewa leo orodha ya mababu wa ukoo na akafurahia urefu wake afahamu kwamba orodha hiyo ni ya walioacha watoto tu. Ndugu zao waliokufa vijana, mabinti waliofariki kabla ya kuolewa, wagumba na watoto wachanga hawamo.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaanza kituo cha Mamba mwaka 1894 na cha Moshi mwaka 1896. Baadaye wakafungua Nkoaranga huko Meru mwaka 1902 na Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Pamoja na Biblia na mbegu za mboga walileta desturi ya kwao ya kuandika. Katika Ujerumani, vitabu vya kanisa ndivyo vilivyokuwa kumbukumbu kuu ya kuzaliwa, kuoana na kufa kwa watu hadi serikali ilipoanzisha usajili wake kwa nchi nzima, tarehe 1 Januari 1876. Wamisionari wengi wa kwanza walikuwa wamezaliwa wakati kitabu cha mchungaji kilipokuwa bado ndicho hati ya mtu. Waluteri wa Augustana waliotoka Marekani kuja kusaidia baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wazao wa Waswidi, na katika Swideni sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji kutunza vitabu vya watu wao. Kazi hiyo ya usajili ilibaki mikononi mwa Kanisa la huko hadi mwaka 1991. Si ajabu basi kwamba katika sharika za Kilutheri kitabu kilithaminiwa karibu sawa na kengele.

Kwa mtafutaji wa leo thamani yake ni kubwa kuliko wao walivyoweza kudhani. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilitungwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu Waafrika hawakulazimishwa kuandikisha wafu wao. Anayekwenda leo katika ofisi ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kutafuta kifo cha babu yake aliyefariki kijijini katika miaka ya 1930, kwa kawaida hurudi mikono mitupu. Kama jina la babu huyo liliandikwa popote, liliandikwa na mchungaji au mwinjilisti.

Kitabu cha waliofariki kwa kawaida ni kikubwa, chenye mistari iliyopigwa kwa mkono na safu zilizovuka kurasa mbili: namba, jina la ubatizo, jina la nyumbani, kijiji, umri, siku ya kufa, siku ya kuzikwa, ugonjwa, na jina la aliyezika. Msomaji wa kwanza hushangaa jinsi asivyoelewa chochote. Kijerumani ni kikwazo kimoja, na mwandiko ni kikwazo kikubwa zaidi. Wajerumani wa siku zile waliandika kwa hati yao ya kale, ambayo herufi "e" yake hufanana na "n" yetu, na "u" huwekewa kijipinde juu ili isichanganywe na nyingine. Watu wamewahi kusoma jina lote kwa makosa kwa sababu ya herufi moja hiyo. Njia iliyo bora ni kuanza na maneno yanayojulikana. Jina la kijiji hurudiwa katika kila mstari. Ukilijua, umepata herufi sita au saba za mwandishi yule, na kwazo utafungua nyingine. Msalaba mdogo (†) ni alama ya kufa na nyota (*) ni alama ya kuzaliwa. "Get." ni kubatizwa, "gest." ni kufariki, "begr." ni kuzikwa, "Wwe." ni mjane, na "ca." iliyo mbele ya umri maana yake ni takriban. Hiyo "ca." isidharauliwe. Mwandishi aliyeiweka alikuwa mtu mwaminifu. Asiyeiweka huenda alikisia tu.

Katika safu ya ugonjwa kuna maneno machache yanayorudiwa, na kila moja ni historia. "Pocken" ni ndui. "Ruhr" ni kuhara damu. "Lungenentzündung" ni kichomi, na "Schwindsucht" ni kifua kikuu. "Altersschwäche" ni uzee. "Wochenbett" lina maana ya kitanda cha uzazi. Likionekana katika safu hiyo, na katika mstari unaofuata kuna mtoto asiye na jina aliyezikwa siku ile ile au kesho yake, msomaji hahitaji mkalimani.

Baada ya mwandiko huja majina. Sauti zetu ziliandikwa kwa masikio ya Kijerumani: "sh" ikawa "sch", "ch" ikawa "tsch", "j" ikawa "dsch", "y" ikawa "j", na "v" ikawa "w". Katika ramani za zamani Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, Arusha ni Aruscha, na Uchaga wenyewe ni Dschagga. Kwa kanuni hiyo hiyo Mushi aweza kuwa Muschi, Lyimo akawa Ljimo, Kaaya akawa Kaaja. Mtu anayetafuta ukoo wake kwa tahajia ya kitambulisho chake cha leo, akaukosa, akahitimisha kwamba babu yake hakuwa Mkristo, amemwonea babu yake.

Tatizo la jina la ubatizo ni zito zaidi. Nyumbani mzee anakumbukwa kwa jina alilopewa na bibi yake. Kitabuni yeye ni Filipo, Yohane au Petro. Akina Yohane katika usharika mmoja wanaweza kuwa kumi. Ndiyo sababu kitabu cha waliofariki hakitoshi peke yake. Lazima kisomwe pamoja na kitabu cha ubatizo, ambako jina la zamani na jina jipya huandikwa katika mstari mmoja, pamoja na majina ya wadhamini. Wadhamini hao mara nyingi ndio ufunguo, kwa kuwa walikuwa majirani au jamaa, na ukimpata mmoja ambaye ukoo wake unajulikana, umepata mtaa, na ukipata mtaa umepata kihamba. Kitabu cha ndoa kina faida ya pekee, nacho ndicho hutafutwa mwisho ilhali kingepaswa kutafutwa mwanzo.

Hapo panahusika akina mama. Katika nasaba zinazosimuliwa na wazee wa kiume, mama hutajwa tu pale ambapo baba alikuwa na wake wengi na ni lazima kutofautisha nyumba. Katika kitabu cha waliofariki naye mara nyingi ameandikwa "mke wa fulani", au "mama wa fulani", basi. Lakini aliposimama mbele ya madhabahu kuolewa alisimama kama binti wa mtu, na mwandishi aliandika binti wa nani. Familia zilizochukua taabu ya kulinganisha vitabu vitatu zimewapata bibi waliokuwa wamepotea kabisa, na pamoja nao wajomba. Jambo hili lina faida hata kwa walio hai, kwa sababu mila inakataza kuoana kwa watu wa damu moja, na vijana wa siku hizi hukutana Dar es Salaam bila kujua bibi zao walitoka nyumba gani.

Umri nao uangaliwe kwa hadhari. Wazee hawakuhesabu miaka, walihesabu rika. Mzee wa Kiarusha aliyesema yeye ni wa Terito au wa Nyangusi alikuwa amekwisha kutaja umri wake kwa wale waliojua, lakini mwandishi alitaka tarakimu, akaandika sitini. Rika likijulikana ni afadhali lifuatwe rika.

Jambo moja ni zito kulisema katika kitabu cha sherehe, lakini historia hailiruki. Kitabu cha usharika kiliandika watu wa usharika. Jirani ambaye hakubatizwa hakuandikwa, hata kama aliishi ukuta kwa ukuta na kanisa na watoto wake wote walikuwa wanakwaya. Aliyetengwa kwa kuoa mke wa pili, akafa kabla ya kurudishwa, angeweza kuzikwa bila kengele na bila mstari. Kwa hiyo familia inaweza kumkuta mama na watoto saba kitabuni, na baba yao hayumo popote. Wengine wameumia kwa kuona hivyo. Kunyamaza kwa kitabu hakumaanishi kwamba mtu huyo hakuwa na heshima kwa watu wake. Kunaonyesha tu mipaka ya kalamu iliyokuwa ikiandika.

Ipo pia mipaka ya nyakati. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walifukuzwa nchini. Bruno Gutmann, aliyekuwa Uchagani tangu miaka ya mwanzo ya karne, aliondolewa mwaka huo na kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katikati hapo kazi ilibebwa na walimu wazalendo, wakiwa hawana mshahara wa uhakika, wakifundisha, wakifariji na kuzika. Kalamu na wino vilikuwa adimu. Ni miaka hiyo hiyo ambayo njaa na homa kuu ya mafua ya 1918 hadi 1919 zilipita katika Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, watu walipokufa kwa wingi zaidi, ndipo uwezo wa kuandika ulipokuwa mdogo zaidi. Msomaji akikuta mwandiko mmoja ukikatika na mwingine kuanza baada ya kurasa chache, asidhani kwamba katikati palikuwa na afya njema.

Vita hivyo vilichukua wanaume ambao hawakurudi kabisa. Wajerumani waliwachukua wapagazi, na Waingereza walipofika wakawachukua wengine. Jina la Kariakoo, linalotamkwa kila siku na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Walikufa kwa kuhara, kwa kichomi na kwa uchovu, wengi wao mbali sana na mlima, katika nchi za joto za kusini. Katika makaburi ya kijeshi ya Taveta na Moshi, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, askari wa Ulaya wana mawe yenye majina. Tume hiyo ilianzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba wafu wote watakumbukwa kwa usawa. Mwezi Aprili 2021 ilitoa ripoti na kukiri kwamba kanuni hiyo haikufuatwa: watu wapatao 45,000 hadi 54,000, wengi wao kutoka Asia na Afrika, walikumbukwa bila usawa, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la mwisho walitoka Afrika Mashariki na Misri. Mtafutaji ambaye ukoo wake unasema "babu alikwenda vitani na Waingereza" anaweza kuuliza kwa Tume, ila ajiandae kupata jibu la namna hiyo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni kumbukumbu ya wote kwa jumla, bila jina la mtu hata mmoja.

Hata ndani ya historia ya Kanisa lenyewe tofauti hiyo ya majina ipo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa huko Akeri, Meru, walipokuwa wamefika tu kuanza kazi. Majina yao yamefundishwa katika mafundisho ya Kipaimara kwa vizazi vingi, na Akeri ni mahali pa kumbukumbu. Waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao kutoka mlimani. Ni Wameru wangapi, na Wachaga wangapi, wanaoweza kutaja jina la mmojawapo? Walikuwa wana wa watu. Kwa koo zenye masimulizi ya kijana aliyekwenda Meru na Wazungu asirudi, barua na taarifa za wamisionari wa wakati ule ndipo pa kuanzia. Kumbukumbu za Misioni ya Leipzig zimehifadhiwa katika Taasisi za Francke mjini Halle, Ujerumani, na humo kuna mambo mengi ambayo sharika zetu zimepoteza kwa mvua na mchwa.

Mauaji ya Akeri yalifuatwa na kisasi cha jeshi la Kijerumani chini ya Kapteni Kurt Johannes, na mambo hayo hayakuisha hadi tarehe 2 Machi 1900, siku waliponyongwa Mangi Meli wa Moshi na wenzake, jumla watu 19, wakiwemo viongozi wa Kibosho na Meru. Mti walikonyongewa huko Moshi ya Kale unajulikana na kila mtoto. Kwa jamaa zao, hata hivyo, kaburi halikuwepo la kufagiwa. Masimulizi yalisema kichwa cha Mangi Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alitumia miaka mingi ya maisha yake akiandika barua na kuuliza. Kilichoonekana kama hadithi ya wazee kilithibitika kuwa na msingi. Katika jiji la Berlin kulikuwa na mkusanyo wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na kati ya mwaka 2017 na 2023 wataalamu wa makumbusho ya huko walichunguza asili yake. Mafuvu manane yaliyokuwa na maandishi ya kutosha yalilinganishwa kwa vinasaba na wazao walio hai huku. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba jamaa wamepatikana. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na damu yake ililingana na ya familia inayotokana na mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili nayo yalikaribiana sana na familia za Uchagani. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Mambo mawili yafaa kuangaliwa katika habari hiyo. La kwanza, fuvu lile lisingetambuliwa kama familia isingalikuwa imehifadhi kwa mdomo, kwa zaidi ya miaka 120, kwamba baba yao alikuwa nani na alikufa vipi. Sayansi ya Berlin ilihitaji masimulizi ya migombani. La pili ni ule uchungu wa neno lenyewe. Mtu mzima, mwenye wake na watoto na jina, aliandikwa kwenye mfupa wa kichwa chake cheo tu.

Kurudi kwenye udongo: kutafuta kaburi la kale ni kazi ya miguu. Anayeanza na jembe ameanza vibaya. Huanza na mzee, tena mama mzee akipatikana, kwa kuwa yeye ndiye aliyelima pale na kuambiwa na mama mkwe asipande mahali fulani. Sehemu ya kihamba isiyolimwa, ambayo kila mtu huizunguka pasipo kujua sababu, ni ushahidi. Masale yaliyoota kwa duara au kwa mstari mahali pasipo na mpaka ni ushahidi. Mawe ya mtoni yaliyopangwa juu mlimani, ambako hayafiki yenyewe, ni ushahidi pia. Kiangazi ni bora kuliko masika, maana majani hupungua na kibonde cha kaburi lililotitia huonekana asubuhi jua likiwa chini. Baadaye ndipo linganisho la karatasi hufuata: kama kitabu kinasema watu watatu wa nyumba moja walizikwa mwaka mmoja, na vibonde ni vitatu, kazi imeanza kuzaa.

Kwenye vituo vya kale yapo pia makaburi ya misioni, yenye wamisionari, wake zao na watoto wao wadogo. Siku hizi Wakristo walio wengi mlimani huzikwa vihambani kwao, kwa saruji na vigae, na msalaba wenye jina kamili. Vizazi vijavyo havitapata taabu ya kuwatafuta hawa. Huenda taabu yao ikawa mahali pa kupanda ndizi. Misalaba ya miti ya miaka ya nyuma imekwisha kuoza, na ile ya saruji ya kwanza kwanza, iliyoandikwa kwa ncha ya msumari ikiwa mbichi, inafutika. Njia rahisi ya kuisoma ni kuinyunyizia maji na kuimulika kwa tochi kutoka upande. Kuikwangua kwa kisu ni kuimaliza.

Pale ambapo barabara, shule au hospitali inahitaji eneo, makaburi huweza kuhamishwa chini ya Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, kwa taarifa kwa wenye ndugu na kwa heshima. Taarifa hiyo, hata hivyo, humfikia anayejulikana. Kaburi lisilo na mtu wa kusema "huyu ni wetu" halina wa kutokea. Aidha kaburi limekuwa shahidi katika migogoro ya ardhi, maana aliyezika ndiye aliyekaa. Wapo wanaoanza kutafuta mababu kwa ghafla wakati kesi imekwisha kufunguliwa. Kwa watu wa namna hiyo kitabu cha usharika kinapaswa kusomwa kwa uangalifu maradufu, na mashahidi wawe wa pande zote mbili.

Vitabu vyenyewe haviko salama. Usharika unapogawanywa, vitabu vya zamani hubaki kwa usharika mama, na anayetafuta hana budi kujua mtaa wake ulikuwa chini ya usharika gani wakati ule, kabla hata ya sharika za kaskazini kuungana na nyingine katika Kanisa moja la nchi nzima mnamo 19 Juni 1963. Vingine vilibaki katika nyumba za wachungaji waliostaafu. Karatasi za zamani hukauka na kuvunjika kwenye mkunjo. Gundi na utepe wa plastiki huziharibu kuliko mchwa. Kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwa simu nzuri, mchana, bila kumulika taa, ni kazi ya wiki chache kwa vijana wawili watatu wa usharika, na nakala zikahifadhiwa mahali pengine mbali na ofisi.

Lipo swali la nani aruhusiwe kusoma. Katika kurasa hizo hizo zenye majina ya wapendwa kuna maneno ya nidhamu ya kanisa: nani alitengwa na kwa kosa gani, mtoto gani hakuwa na baba wa kutajwa. Wazao wao wanakaa kwenye viti vya mbele Jumapili. Kwa hiyo katika sharika zilizoweka utaratibu, mtafutaji huandika jina analolitafuta na uhusiano wake, kisha hukaa mezani pamoja na mchungaji au mzee wa kanisa, na ni huyo anayefungua kitabu, akifunika kwa karatasi nyeupe mistari ya juu na ya chini, ili mgeni auone ule mstari mmoja wa baba yake.